Saba Iliyopaswa Kuwa Nane

Habari ilinifikia Kibirizi asubuhi ya Jumanne, nimekalia dumu tupu la petroli nikisubiri boti yangu imalize kupakia. Nahodha wangu alikuja viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini, akasimama mbele yangu. Kisha akasema, "Mzee, yule fundi wa saba hatunaye tena." Nikamuuliza fundi gani. Nilijua ni nani. Mwambao wote huu, kutoka Ilagala mpaka Mwamgongo, fundi wa saba alikuwa mmoja tu, na jina hilo alilipata kwa sababu yangu. Lakini niliuliza hivyo hivyo, kama mtu anayemtaka muuzaji arudie bei akitumaini kwamba safari hii atataja nyingine. Nahodha akarudia. Alikuwa anaumwa figo, amelala wiki mbili, amefariki jana, mazishi kesho Buzebazeba. Halafu akaingia majini kusukuma boti, maana abiria walikuwa wameshakaa na ziwa lilikuwa limetulia, na ziwa likitulia halikusubiri umalize kusikitika.

Ninyi mnaosoma ukurasa huu kila wiki mnanijua. Nimewaambia mara nyingi, na sioni aibu kurudia, kwamba niliishia darasa la nne, kwamba nilianza kwa kubeba magunia ya unga wa muhogo mgongoni kwenye mwalo huu huu wa kupakia boti, na kwamba leo nina boti tatu za abiria zenye injini ambazo wengine huja kuzipiga picha. Mhariri ananipa nafasi hii huku wenye shahada zao wakisubiri. Sikupewa na mtu. Nimeipata kwa mikono na kwa mdomo, na mdomo ndio uliofanya kazi kubwa zaidi. Wiki hii, lakini, mdomo wenyewe umechoka. Nina uchovu ambao hauishi kwa kulala. Nataka kuwasimulia habari ya namba, tena namba moja tu, maana fundi huyu, dada wa watu, amezikwa akiwa amebeba kosa ambalo halikuwa lake, na mimi ndiye niliyemtwisha.

Wa huku kwetu mnaujua utaratibu wa boti, lakini niseme kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Boti za mwambao huandikwa jina ubavuni, na baada ya jina huja namba. Mafundi wa mbao wana sheria yao, haijaandikwa popote lakini wote wanaifuata. Ukiziba nyufa kwa pamba na lami, huna haja ya kumtangazia mtu. Ukiongeza benchi au ukapandisha ubao mmoja pembeni, unamwambia nahodha ili ajue uzito umebadilika. Lakini ukibadilisha mkuku, ule mti wa chini kabisa unaobeba boti nzima, basi hiyo si boti ile tena. Hata kama mbao za juu ni zile zile na rangi ni ile ile, unaipa namba mpya, ili atakayeipanda asiiendeshe kwa mazoea ya boti ya zamani. Ndivyo walivyofanya wazee wa kazi hiyo na ndivyo wanavyofanya mpaka leo. Mimi sikufanya hivyo. Boti yangu ya kwanza kabisa, nilipomaliza kuijenga, nilimwambia mchoraji aandike Nne. Abiria walipoiona walijua mwenye hii ana nyingine tatu mahali fulani, labda Ilagala, labda upande wa Kongo. Wakapanda kwa imani. Ya pili nikaiita Tano, ya tatu Sita. Nimejisifu kwa ujanja huo hapa hapa kwenye ukurasa huu, na wengi wenu mlicheka.

Huyu dada alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu pale Mwanga. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani, wakapata uraia, wakalima, wakamsomesha mpaka chuo cha kompyuta Mwanza. Alizungumza taratibu, na akikuelewa alisema "ego" badala ya ndiyo, kama mama yake. Nilimpelekea simu iliyoingia maji, akanisikia ninalalamika kuhusu daftari la abiria. Mnajua daftari hilo. Nahodha anaandika majina, mvua inanyesha, wino unatawanyika, na boti ikichelewa hakuna anayeweza kusema nani yumo na nani hayumo. Alinisikiliza huku anakausha simu, kisha akasema hiyo ni kazi ya mwezi mmoja. Aliifanya kwa miezi miwili, na ilikuwa kazi safi. Nahodha anaandika majina kwenye simu yake tangu jana yake, watu wanapopiga kuomba nafasi. Asubuhi ya safari, kila anayepanda anawekewa alama ya vema mbele ya jina. Boti ikitoka, orodha inaruka kwa ujumbe mfupi mpaka kwa msimamizi wa mwalo wa kule inakokwenda, na simu yake inamwonyesha waliomo. Haihitaji bando wala mtandao wa kasi, ambao kule nyuma ya Gombe ni wa kubahatisha. Programu yenyewe watu walirushiana simu kwa simu, nahodha kwa nahodha, na namba iliyoandikwa juu ya kioo ndiyo pekee iliyokuambia wewe una ipi na mwenzako ana ipi.

Tuligombana siku ile ile aliponionyesha. Juu ya kioo aliandika 1.0.0. Nikamuuliza hizi sifuri ni za nini na hii moja ni ya nini. Akasema ndiyo toleo la kwanza. Nikamwambia mimi nina Nne, Tano na Sita, kwa hiyo hii ni Saba, na isitoshe hakuna nahodha mwenye akili atakayekabidhi abiria wake kwa kitu kinachoitwa moja. Alinitazama, akaweka bisibisi chini.

"Mzee, hizo moja, mbili na tatu zako ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Zinajengwa."

Alicheka mpaka akajifunika mdomo kwa kitambaa cha kufutia vioo. Halafu akanieleza, na alinieleza kwa lugha yangu, maana alikuwa ameshakwenda kukaa na mafundi wa boti siku nzima akiwauliza maswali. Tarakimu ya mwisho, alisema, ni nyufa. Amerekebisha kitu kidogo kilichokuwa kinavuja, usijali. Ya katikati ni benchi. Ameongeza kitu, lakini vya zamani vyote vinafanya kazi kama mwanzo. Ya kwanza ni mkuku. Ikibadilika hiyo, ujue simu ya zamani na simu mpya haziwezi tena kusomeana, na ukilazimisha utasoma uongo. Akasema ameweka katazo ndani. Kila orodha inasafiri na namba ya toleo lililoiandika, na simu inayopokea inatazama ile tarakimu ya kwanza. Ikifanana na yake, inafungua. Isipofanana, inakataa katakata na kumwambia mtu asisome.

"Kwa hiyo nikianza na saba kuna dhambi gani?" nikamuuliza.

"Hakuna," akasema. "Namba ya kuanzia nakupa, mzee, ianze hata na mia. Ila tukishaanza, namba zinazofuata si zako wala si zangu. Ni za yule wa Mwamgongo asiyetuona hapa na hawezi kutuuliza."

Nikasema sawa. Nilisema sawa kama mtu aliyeshinda. Ikawa 7.0.0, na mwambao mzima ukaiita Saba. Nilichapisha fulana. Nilimwita mchoraji akaandika SABA kwa rangi nyekundu ubavuni mwa boti zote tatu, na kila mwalo nilikoshuka nilisema maneno yale yale, kwamba Saba ni Saba, haibadiliki, ukishaiweka umemaliza. Manahodha wa watu wengine wakaichukua. Mwaka mzima ilikwenda vizuri, na mimi nilisalimiwa kama mtu aliyeivumbua. Yeye alikuwa kibandani kwake anaziba nyufa, 7.0.1, 7.0.2, na wachache waliomjua walimwita fundi wa saba.

Kisha manahodha wakaleta lalamiko, na lilikuwa la haki. Asubuhi pale Kibirizi nahodha amesimama kwenye maji, mikono imelowa, na kidole kilicholowa hakikubaliki kwenye kioo cha simu. Kuweka vema majina thelathini ni mateso, wakati wanaokosa kutokea ni mmoja au wawili. Wakaomba igeuzwe. Kila aliyeandikwa ahesabiwe amepanda, na alama iwekwe kwa asiyekuja tu. Fundi akasema inawezekana, tena ni jambo zuri, akalifanya kwa wiki moja. Aliponiletea, juu ya kioo palikuwa na 8.0.0.

Hapo ndipo nilipokosea, na nataka mwelewe nilivyokosea, maana sikukosea kwa kutojua. Alinieleza. Alama ni ile ile, alisema, lakini maana yake imegeuka chini juu. Simu yenye toleo la zamani ikipokea orodha mpya, itawaonyesha wasiopanda kama ndio waliopanda, na waliopanda itawaficha. Huu ni mkuku, mzee. Lazima iwe nane ili za zamani zikatae. Nikamwambia nimeshaandika Saba kwenye boti tatu. Nikamwambia nimesimama mbele ya watu nikasema haibadiliki, na leo nikienda na Nane watauliza ile Saba ilikuwa na ubovu gani. Akasema haikuwa na ubovu. Nikasema basi ibaki saba. Nadhani alikuwa anatafuta njia ya kunikatalia bila kunivunjia heshima, maana mimi ni umri wa baba yake.

"Ukinikatalia nane," akasema mwishoni, "simu hazitakuwa na namna ya kujua. Itabidi mtu apite mwalo kwa mwalo abadilishe zote siku moja, kabla ya boti yoyote kutoka."

"Nitapita mimi," nikasema. "Boti zangu, mwalo wangu, namba yangu."

"Ego, mzee," akasema, lakini safari hii ilitoka kwa shida. Akaandika 7.1.0.

Sikupita. Nilipita nusu. Nilikwenda Ilagala, nikakaa kule siku mbili kwa mambo yangu mengine, na Mwamgongo nikampigia simu msimamizi wa mwalo. Alisikia vibaya na mimi nilikuwa na haraka. Akaniuliza kama ni kitu kipya. Nikamwambia hapana, ni Saba ile ile, ukipata nafasi rushiwa. Mtu ukimwambia kitu ni kile kile atafanya nini? Alikaa na alichokuwa nacho.

Siku tatu baadaye boti yangu Tano ilitoka Kibirizi saa nne asubuhi na watu ishirini na sita. Mmoja aliyeandikwa hakuja, mwanamke wa Mwamgongo anayefanya biashara ya khanga, alikuwa hajamaliza kununua mzigo wake sokoni. Nahodha akamwekea alama, kama alivyofundishwa, akatuma orodha. Upepo wa kusini ukainuka wakiwa katikati ya njia, injini ikazimika, wakaanza kuchukuliwa na maji. Kule Mwamgongo ikafika saa nane, saa tisa, watu wakakusanyika kwa msimamizi. Akafungua orodha. Simu yake ya toleo la zamani ikatazama tarakimu ya kwanza, ikaona saba, yake pia saba, ikafungua. Ikamwonyesha jina moja. Aliyemo ni mwanamke wa khanga, peke yake.

Fikirieni hapo. Ndugu wa wale ishirini na sita waliambiwa watu wao hawakusafiri, wakashukuru Mungu, wakarudi nyumbani kupika. Hakuna aliyetoa boti kwenda kutafuta, kwa sababu walidhani ni boti karibu tupu, yenye nahodha na abiria mmoja, na nahodha wangu anasifika kwa kujua kujificha kwenye ghuba upepo ukichafuka. Familia moja tu ndiyo iliyobaki ufukweni inalia. Wavuvi wa dagaa waliotoka jioni ndio walioikuta Tano inayumba, watu wameshika ndoo wanachota maji, sauti zimewakauka kwa kuita. Waliwavuta mpaka ufukwe wa mbali, ambako simu hazishiki, wakalala huko. Hakuna aliyekufa, na sijui ni kwa nini, siwezi kusema ni kwa sababu yangu. Kesho yake mwanamke wa khanga alishuka kutoka boti ya mtu mwingine, mzigo kichwani, akakuta mikeka imetandikwa uani kwao na watu wamekaa msiba wake.

Mkutano ulifanyika pale pale mwaloni. Nilikwenda, na fundi alikwenda. Mzee mmoja akauliza ni nani aliyegeuza hiyo alama. Akasimama, akasema, "Mimi." Aliniangalia mara moja tu. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matano, ni mimi niliyezuia namba isibadilike, na kila mtu pale angeelewa, maana wote wanajua habari ya mkuku kuliko mimi. Nilitazama ziwa. Kisha, kwa sababu watu walikuwa wananisubiri na mimi sijazoea kusubiriwa bila kusema, nikasema, "Hawa mafundi wetu vijana bado wanajifunza, tuwavumilie." Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaonekana mtu mwenye huruma.

Manahodha wakaifuta Saba wakarudi kwenye daftari. Jina la fundi wa saba, ambalo mwanzo lilikuwa la sifa, likawa la kumkwepa. Kina mama walisema simu ikipita mkononi mwake inaanza kusema uongo. Kibanda kikabaki, wateja wakapungua, akahamishia kazi zake uani kwao Buzebazeba. Tulikutana mara nyingi njiani katika miaka miwili iliyofuata. "Shikamoo mzee," na mimi "Marahaba," na kila mmoja na njia yake. Hakuwahi kuniambia neno. Ningependa angenitukana.

Nimefikiri sana siku hizi, na mnisamehe kama sifikiri kwa mpangilio, kwamba sisi tunapenda kuandika namba za kuwatisha watu na si za kuwaongoza. Mtu anafungua duka lake la kwanza anaandika ubaoni Tawi la Tatu. Dawa ya mswaki inabadilishiwa boksi inaitwa mpya, na iliyobadilishwa ndani haisemwi kabisa. Shuleni wanabadilisha utaratibu mzima wa mtihani na kuwaambia wazazi ni marekebisho madogo, kwa sababu anayesema nimegeuza jambo kubwa ataulizwa la zamani lilikosa nini. Kukubali kwamba kitu kimebadilika tunaona ni kukubali aibu. Tunafanya kimya kimya, na yule aliye mbali, aliyeamini neno letu la jana, ndiye anayelipia. Mimi nilijenga maisha yangu yote kwa namba kubwa kuliko kitu chenyewe, na ilinilipa, sitawaficha. Lakini boti inayoitwa Nne ilidanganya tu kuhusu mali yangu. Ile saba ilidanganya kuhusu nani yuko hai majini. Nilichukua muda mrefu kuona kwamba hivyo ni vitu viwili.

Mazishi yalikuwa ya heshima. Kwaya iliimba Kiswahili na Kirundi, mama yake alikaa chini hakulia kwa sauti. Waliniomba niseme neno, kwa kuwa ni mimi niliyemleta mwaloni, nikasimama nikasema kama ninavyosemaga. Nilisema nilikiona kipaji chake wakati hakuna aliyekiona. Baada ya chakula kaka yake, mwalimu wa hesabu, aliniita pembeni karibu na tangi la maji, akatoa simu ya marehemu. Akasema kuna kitu hakielewi na pengine mimi naelewa.

Ndani ya programu kulikuwa na ukurasa ambao sikuwahi kuufungua, unaitwa Yaliyobadilika. Kila toleo limeandikwa kwa mstari mmoja au miwili, kama mafundi wa mbao wanavyosimulia historia ya boti. 7.0.1, jina refu lilikuwa linakatika, limerekebishwa. 7.0.2, kioo kilikuwa cheusi juani, kimerekebishwa. Nikashuka na kidole. 7.1.0, alama imegeuzwa maana. Namba ya kwanza ilipaswa kubadilika na haikubadilika. Kosa la mwandishi wa programu.

Kosa la mwandishi wa programu. Kwenye kitabu chake mwenyewe, ambacho hakuna aliyekisoma, ambako angeweza kuniandika jina langu na la baba yangu, alijiandika yeye. Chini ya mstari huo kulikuwa na mmoja zaidi, wa toleo ambalo halikuwahi kutoka nje ya simu ile. Kaka yake aliweka kidole hapo, akasema hili ndilo asiloelewa.

8.0.0, namba imebadilika ili simu za zamani zikatae. Liko tayari. Litolewe mzee akikubali.

"Mzee ni nani?" akaniuliza. "Baba alishafariki zamani."

Niliwaambia mwanzoni kwamba mdomo ndio uliofanya kazi kubwa maishani mwangu. Pale karibu na tangi haukufanya kazi. Nilimwonyesha kifua changu kwa kidole, kisha nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamweleza yote tangu mwanzo, hata habari ya Nne. Alisikiliza kama mwalimu anavyosikiliza mtoto aliyechelewa. Mwishoni akauliza tu kama nimekubali. Nikasema nimekubali. Akasema, "Umechelewa, lakini nitaandika kwamba umekubali."

Jumamosi tulipanda Nne, mimi, yeye na nahodha, tukaenda Mwamgongo. Nahodha alikuwa ameshawekewa toleo la nane. Niliwakusanya watu pale pale walipokusanyika siku ile, nikasema maneno matano niliyopaswa kusema, na yakawa mengi zaidi ya matano. Hakuna aliyenipigia kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Mzee mmoja akauliza kama mama wa marehemu ameshaambiwa. Nikasema ndiyo, yeye nilimwambia kwanza. Mwanamke wa khanga alikuwepo, amekalia mzigo wake, akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Kumbe ni wewe uliyeniua, mzee," akasema. "Nami nilikuwa namchukia msichana wa watu."

Wengine walicheka. Mimi nilisema ndiyo, ni mimi.

Msimamizi wa mwalo bado alikuwa na simu yake ya zamani, imefungwa raba katikati. Saba yake hakuifuta hata baada ya mambo yale yote, alisema aliogopa kwamba akibonyeza kufuta atafuta na picha za wajukuu. Ilikuwa 7.0.0 yenyewe, ile ya siku ya kwanza ya fulana. Nikamwambia nahodha atume orodha. Tulisubiri, maana mtandao wa kule mnaujua. Simu ikatetemeka. Msimamizi akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu kwa sauti, neno kwa neno: "Orodha hii imeandikwa kwa toleo la nane. Simu hii ina la saba. Usiisome. Mpigie nahodha." Maneno hayo aliyaandika marehemu kwenye kibanda cha Mwanga, siku ile aliponiachia namba ya kuanzia akanikatalia zinazofuata. Yalikaa ndani ya simu ile miaka yote hiyo, tayari kusema, na mimi ndiye niliyeyaziba mdomo.

"Imekataa," msimamizi akasema, akaninyooshea simu kama mtu anayerudisha kitu kibovu.

"Iache ikatae," nikamwambia. "Hivyo ndivyo alivyoitengeneza."

Mchoraji anakuja wiki ijayo. Nne itaandikwa Moja, Tano itakuwa Mbili, Sita itakuwa Tatu, na neno SABA litakwanguliwa kwenye mbavu zote. Najua watakaoniuliza boti zangu nyingine zimezama wapi. Nitawaambia hazikuwahi kuwepo. Kaka mtu ameongeza mstari kwenye ule ukurasa, chini ya 7.1.0. Nilimwomba alifute lile neno la dada yake, akakataa, akasema yaliyoandikwa kwenye toleo hayafutwi, huongezwa. Sasa panasomeka hivi: Kosa la mwandishi wa programu. Na chini yake: Si kweli, lilikuwa la mwenye boti. Mkirushiwa Nane, wasomaji wangu, fungueni ukurasa huo kabla ya kitu kingine chochote. Na ninyi mnaotengeneza vitu vinavyokwenda mbali na mikono yenu, mkigeuza mkuku, badilisheni namba, hata kama mtu wa umri wa baba yenu amesimama mbele yenu anakataa. Mkatalieni. Mimi ningekasirika wiki moja, na yeye angezikwa kwa jina lake.